GARI NA MWENYEWE: Taa nyekundu ya oili isidharauliwe

Barabara ya Taifa namba 1 hutoka Bujumbura na kupanda milima mpaka Bugarama. Dereva wa Kamenge aondokaye alfajiri huanza safari kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, naye hufika mahali palipozidi mita 2,000. Injini huvuta kwa gia ndogo, na oili hupata moto ikawa nyepesi. Asimamapo kushusha abiria, huenda akaona taa nyekundu yenye picha ya birika ikiwaka. Wengi husema, "Oili niliitia juzi," wakaendelea na safari. Hapo ndipo akiba ya familia ya miaka mingi huteketea kwa dakika chache.

Yafaa ieleweke kwamba taa ile haionyeshi wingi wa oili. Huonyesha kwamba msukumo wake, yaani presha, umeshuka mno. Oili yaweza kuwa tele ndani ya injini, lakini isifike kwenye beringi.

Pampu ya oili huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikienda kasi, pampu huleta oili kupita kiasi kinachohitajiwa. Msukumo ukiachwa upande ovyo, chujio litapasuka na sili zitavuja. Kwa hiyo imewekwa vali, nayo ni kipande kidogo cha chuma kilichozuiwa na springi. Msukumo ukiishinda springi, tundu hufunguka na oili iliyozidi hurudi ilikotoka. Msukumo ukipungua, springi hulifunga tundu hilo.

Jambo hili huonekana wazi zaidi katika injini ya rota, iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel. Mazda waliitumia katika Cosmo Sport ya mwaka 1967, wakaendelea nayo mpaka RX-8 ilipokoma kutengenezwa mwaka 2012. Na mwaka 2023 waliirudisha katika MX-30 ili izalishe umeme wa gari. Injini hiyo haina pistoni. Ndani yake huzunguka rota ya pembe tatu. Katika RX-7 zimo vali mbili. Ya mbele hulinda pampu na rejeta ya oili, hasa asubuhi oili ikiwa nzito. Ya nyuma hutawala msukumo wa oili iendayo kwenye beringi, karibu kilo 5 kwa kila sentimita ya mraba. Tena oili hiyo hupoza rota kwa ndani, na kiasi kidogo huunguzwa makusudi ili kulainisha ncha zake. Mwenye gari la namna hiyo hana budi kutazama kijiti cha oili mara nyingi zaidi kuliko wenzake.

Wapo mafundi ambao, wakiona taa inawaka, huivuta springi au kuitilia washa ili iwe ngumu. Hilo ni kosa. Injini inguruma­po polepole, vali huwa imekwisha kufungwa. Springi ngumu haitaongeza kitu. Kazi ya springi ni kuweka kikomo cha juu. Msukumo wa chini hutokana na pampu nzima, beringi zisizolegea, na oili ya uzito uliotajwa na kiwanda. Gari likishika kasi, springi iliyokazwa itaacha msukumo uvuke mpaka. Ila kama vali imekwama wazi kwa uchafu, yapasa kusafishwa.

Basi taa ikiwaka, dereva na aegeshe na kuzima injini papo hapo. Angoje dakika chache, kisha apime kwa kijiti mahali pa tambarare. Oili ikiwa imepungua, aongeze na kutazama kama taa itazimika mara. Ikiwa imetimia, asiwashe tena, gari likokotwe. Fundi mwaminifu atafungua swichi ya taa, aweke geji mahali pake, na kusoma msukumo wenyewe kabla ya kufungua lolote. Huenda ikaonekana kwamba swichi tu ndiyo iliyokufa.

Askari aliye zamu kambini huacha ufunguo kwa mkewe, kwa nduguye au kwa dereva wa kuajiriwa. Kila akabidhiwaye ufunguo na aambiwe maana ya taa hiyo. Gharama ya kukokota gari ni ya siku moja. Gharama ya injini mpya huweza kula karo ya watoto ya mwaka mzima.