Mvua hupandisha bei, uchache wa wauzaji huizuia isishuke

Mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya Western Digital ya Marekani iliwaarifu wateja wake kwamba inapandisha hatua kwa hatua bei za diski zake zote za kompyuta. Sababu iliyotajwa ni kwamba mahitaji yamekuwa makubwa mno. Habari ya namna hiyo wengi wetu huisoma na kuipita, kama tunavyopita bei za hisa za New York. Mimi sikuweza kuipita, kwa sababu niliwahi kuisikia kabla, na nilijua inakoishia: inaishia katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule isiyo na fedha.

Kwa msomaji asiyefungua kompyuta kila siku, diski kuu, ambayo mafundi wetu huiita hadi disiki, ni kisanduku cha chuma chenye sahani nyembamba zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Kichwa kidogo huandika na kusoma juu ya sahani hizo kwa nguvu ya sumaku. Kila ulichokiandika kinakaa humo. Kompyuta ikiungua ukanunua nyingine, umepoteza fedha. Diski ikifa nawe huna nakala, umepoteza kazi yako yote.

Mwaka 2011 shule ninayofundisha, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa na chumba cha kompyuta chakavu tulizopewa msaada. Diski mbili zilikuwa zimekufa. Wazazi walichanga fedha, nami nikatumwa Bujumbura kuulizia bei. Mwezi wa Septemba niliambiwa faranga 110,000 kwa diski moja. Tukapanga kununua nne: mbili za kuziba pengo, mbili za kuwekea nakala za alama za wanafunzi. Michango ilipotimia nilirudi dukani Januari 2012. Bei ilikuwa faranga 200,000. Mwenye duka aliniambia, "Mwalimu, si mimi. Ni Thailand." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wafanyabiashara.

Nilinunua mbili. Zile za nakala hazikununuliwa. Mwaka uliofuata diski yenye alama za miaka mitatu ilikufa. Tulirudia kuingiza alama kutoka kwenye madaftari ya walimu, yale yaliyosalimika na mchwa. Msichana mmoja alikuja kuomba alama zake ili atafute nafasi chuoni. Tulimtafutia daftari kwa daftari. Alama za mwaka mmoja hazikuonekana, na mwaka huo hakuomba chuo.

Jambo hilo liliniuma kuliko lilivyowauma wenzangu, na ninajua sababu yake. Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, magharibi mwa Tanzania, nikasoma huko, nikarudi nyumbani mwaka 2009. Katika safari ile mzigo wangu wa thamani ulikuwa bahasha ya plastiki yenye vyeti vyangu. Nyumba mtu hujenga upya. Bila karatasi zile nisingekuwa mwalimu. Mtu aliyewahi kuuliza maisha yake yameandikwa wapi haoni kuwa bei ya mahali pa kuyaandika ni jambo la matajiri.

Sasa tuangalie ukweli wa yule mwenye duka. Alisema kweli, lakini alisema nusu.

Thailand wakati ule ilikuwa nchi ya pili duniani kwa kutengeneza diski kuu, baada ya China. Mwezi wa Oktoba 2011 mafuriko makubwa yaliingia katika maeneo ya viwanda kaskazini mwa Bangkok. Viwanda vya Western Digital vikazama, na huko ndiko kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza kiasi cha asilimia 60 ya diski zake. Viwanda vya mshindani wake, Seagate, havikuingiliwa na maji, lakini navyo vilikosa vipuri. Kampuni ya Nidec ya Japani, iliyokuwa ikitengeneza sehemu kubwa kabisa ya mota za diski za dunia nzima, nayo ilikuwa na viwanda vilivyofurika. Katika wiki chache bei zilikaribia kuwa maradufu katika masoko mengi. Diski ya mezani ya terabaiti 2 iliyokuwa ikiuzwa Marekani chini ya dola 100 ilipita dola 150.

Hata huko kwa wakubwa watu walihangaika. Kampuni ya California iitwayo Backblaze, inayohifadhi nakala za kompyuta za watu, iliwatuma wafanyakazi wake na jamaa zao wazunguke madukani kununua diski za nje mbili mbili, kwa kuwa maduka yaliweka kikomo kwa kila mteja. Kisha walivunja maganda yake wakatoa diski zilizomo. Kama wao walifanya hivyo, mwalimu wa kijijini angefanya nini?

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza, nayo ni kazi ya Mungu, mvua haishitakiwi. Nusu ya pili ni kazi ya binadamu. Western Digital ilianza tena kuzalisha Thailand kabla ya Desemba 2011. Maji yalikauka, mashine zikasafishwa, lakini zaidi ya mwaka mmoja baadaye diski nyingi zilikuwa bado zinauzwa ghali kuliko kabla ya mafuriko. Kwa nini?

Niliyaona haya Katumba nikiwa mtoto. Kijijini kwetu palikuwa na maduka matatu. Mvua zilipokata reli ya Mpanda, sukari ilipanda. Treni ilipofika, mmoja wa wale watatu alishusha bei ili awavute wateja, na wengine wakamfuata kwa shingo upande. Baadaye mwenye duka kubwa alimnunua mmoja, na wa tatu akahama. Mvua zikarudi, reli ikakatika, sukari ikapanda. Treni ilipofika, sukari ilikaa pale pale. Hakuna aliyevunja sheria. Hapakuwa tu na mtu wa kumlazimisha ashushe.

Biashara ya diski imepita njia hiyo hiyo. Diski ya kwanza ilitolewa na IBM mwaka 1956. Katika miaka ya 1980 watengenezaji walikuwa makumi, wakigombania soko kwa nguvu, na faida ya ugomvi huo ililiwa na wanunuzi. Kisha mkubwa akaanza kumeza mdogo. Seagate ilichukua Conner mwaka 1996. Maxtor ilichukua biashara ya diski ya Quantum mwaka 2001, na mwaka 2006 Maxtor yenyewe ikamezwa na Seagate. IBM, aliyezaa chombo hicho, aliwauzia Hitachi biashara yake kwa takriban dola bilioni 2. Fujitsu iliiachia Toshiba mwaka 2009.

Mwanzoni mwa 2011 walikuwa wamebaki watano. Mwezi wa Machi mwaka huo Western Digital ilitangaza kuinunua biashara ya diski ya Hitachi kwa takriban dola bilioni 4.3. Mwezi wa Aprili Seagate ikatangaza kuchukua diski za Samsung kwa dola bilioni 1.375. Watano wakawa watatu: Western Digital, Seagate na Toshiba, na wawili wa kwanza wakabeba zaidi ya asilimia 80 ya soko. Hadi leo ni hao hao watatu.

Msomaji na atazame tarehe. Tume ya Ulaya iliiruhusu Seagate bila sharti lolote tarehe 19 Oktoba 2011, maji yakiwa yamo viwandani Thailand. Western Digital iliruhusiwa tarehe 23 Novemba, lakini yenyewe kwa sharti la kuuza mitambo ya diski za inchi 3.5, ambayo baadaye ilikwenda kwa Toshiba. Kwa nini mmoja awekewe sharti na mwingine aachwe? Kwa sababu Seagate iliwasilisha maombi yake siku moja kabla. Tume ilihesabu kwamba ombi la kwanza linawatoa watano na kuwaacha wanne, na la pili linawatoa wanne na kuwaacha watatu. Lakini mnunuzi hakukutana na hesabu mbili. Siku moja aliamka akakuta wauzaji wawili hawapo.

China ilikuwa kali zaidi. Iliruhusu biashara zote mbili kwa sharti kwamba kampuni zilizonunuliwa ziendelee kuendeshwa na kuuza peke yake, na haikulegeza kamba hiyo hadi Oktoba 2015. Marekani nayo ilisema neno lake. Sisi wa Afrika tulisema nini? Hatukuwa na mdomo. Tume ya ushindani ya COMESA, ambayo Burundi ni mwanachama wake, ilianza kazi Januari 2013, wakati ndoa zote mbili zilikuwa zimekwisha kufungwa.

Matokeo yanasomeka katika hesabu za kampuni zenyewe. Katika mwaka wa fedha wa 2011 Seagate ilipata faida ya dola milioni 511. Katika mwaka wa fedha wa 2012, ule wa mafuriko, ilipata dola bilioni 2.86. Western Digital, ambayo viwanda vyake ndivyo vilivyozama, ilitoka dola milioni 726 ikafika bilioni 1.6. Wakati huo huo muda wa dhamana ulipunguzwa. Kuanzia mwisho wa Desemba 2011 baadhi ya diski za Seagate zilishushwa hadi mwaka mmoja, na siku chache baadaye baadhi ya diski za Western Digital zikatoka miaka mitatu hadi miwili. Tukalipa zaidi kwa ahadi fupi zaidi. Mwaka 2020 ikagundulika kwamba kampuni hizi zilikuwa zimeuza diski kadhaa zenye njia ya kuandika iliyo ya polepole zaidi bila kuwaeleza wanunuzi waziwazi.

Nataka kusema kwa haki. Sidai kwamba kampuni hizi tatu zilikaa chini ya mti zikapanga bei; sina ushahidi huo. Kwa upande wa vipuri ushahidi upo: mwaka 2019 NHK Spring ya Japani ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani kwa kupanga bei za kipande kinachoshikilia kichwa cha diski, ikatozwa faini ya dola milioni 28.5. Kwa diski zenyewe hoja yangu ni ngumu zaidi kuliko wizi. Watatu hawahitaji kukutana. Kila mmoja anamwona mwenzake, na kila mmoja anajua kwamba akishusha bei leo, kesho wote watakuwa wameshusha na hakuna aliyefaidika.

Ni kweli pia kwamba kutengeneza diski ni kazi ya gharama kubwa, na wengi waliouza waliuza kwa sababu walikuwa wakipata hasara. Ni kweli kwamba bei ya kila gigabaiti iliendelea baadaye kushuka, na kwamba kumbukumbu za flashi zilizichukua kompyuta za mkononi. Mwaka 2010 dunia ilinunua diski kuu zaidi ya milioni 600. Siku hizi hazifiki nusu ya hizo. Anayesema biashara inayosinyaa haiwezi kulisha kampuni kumi anasema jambo la maana.

Lakini hoja hiyo haijibu swali la mvua. Ushindani si wa siku za jua tu. Faida yake kubwa huonekana siku ya dhiki, pale mmoja anapozama na mwingine akapata sababu ya kuuza nafuu. Ukibakiza watatu wanaotegemea mota kutoka kwa wachache wale wale, umejenga nyumba yenye nguzo moja, na nguzo yenyewe iko bondeni. Leo mafuriko si ya maji. Ni ya vituo vikubwa vya data vya akili bandia, vinavyonunua diski kwa maelfu. Mwenye duka wa Bujumbura anasubiri kinachosalia, na mwalimu anasubiri nyuma yake.

Tufanye nini? Kwanza, serikali zetu zitambue kwamba mashauri ya Brussels na Beijing yanahusu bei zetu. COMESA ina chombo chake Lilongwe. Kipewe watu na fedha za kusikiliza ndoa za kampuni za mbali ambazo bidhaa zake zinaishia kwetu, na kisikae kimya ati kiwanda hakiko Afrika. Pili, wizara za elimu ziache kuziacha shule zinunue moja moja. Shule moja ikiomba diski nne ni ombaomba. Shule zote zikiomba pamoja ni mteja. Tatu, kila shule iwe na nakala mbili za alama, moja nje ya jengo, na daftari la karatasi lisitupwe. Hilo halihitaji kusubiri mkutano wa mtu.

Wahenga walisema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Mimi nimejifunza kwamba tembo wakiacha kupigana na kugawana malisho, nyasi huumia vilevile. Yule msichana alikuja kupata chuo mwaka uliofuata, baada ya mwalimu mstaafu kulipata daftari lake chini ya kitanda. Tulimshukuru Mungu. Lakini nchi haiwezi kuhifadhi kumbukumbu za watoto wake chini ya vitanda vya wastaafu.