Aliyetelekeza Gari Ndiye Alipe

Limekuwa jambo la kawaida katika miji yetu kuona gari lililokufa likiwa limekaa juu ya mawe katika ua wa mtu asiye na uhusiano nalo. Mpangaji amehama, fundi aliyekuwa akitengeneza magari chini ya mwembe ameondoka, mtumishi amepata uhamisho, gari limebaki. Nyasi zimeota hadi ndani ya boneti, na kila mwenye kiwanja apigapo simu huambiwa, "Nakuja kulichukua."

Nani alipe gharama ya kuliondoa? Hivi sasa alipaye ni mwenye kiwanja. Ndiye akodiye gari la kuvuta na vijana wa kusukuma. Na hata akiwa na fedha, hana uhuru wa kufanya apendavyo, kwani gari ni mali ya mtu. Akiliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mwenyewe ambaye hakuonekana miaka yote atazuka kesho yake, kadi mkononi, akidai kuibiwa! Zamani tuliwaita waishio kwa jasho la wenzao wanyonyaji. Sioni kwa nini jina hilo libadilike kwa sababu tu mhusika ana gari.

Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na kuihamishia katika bei ya mafuta. Uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa wenye magari yatembeayo. Lakini gari lililokufa halinywi mafuta. Tangu hapo mwenyewe hatozwi tena ada ile ya mwaka kwa mkweche alioutupa kwa jirani.

Wapo watakaosema kuwa mwenye gari ni mnyonge, anangoja apate fedha za vipuri. Je, mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba viwili vya kupangisha kwa kiinua mgongo chake si mnyonge? Chumba kisichopangishika kwa sababu mkweche umeziba mlango ni mkate uliotolewa mezani kwake.

Wala hasara si ya mtu mmoja. Mvua ikinyesha, maji hutuama ndani ya matairi, na humo huzaliana mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipe. Mkweche unaovujisha oili ardhini ni uchafu kama uchafu mwingine.

Halmashauri zitunge sheria ndogo. Mwenye kiwanja atoe taarifa kwa mtendaji wa mtaa. Mwenye jina katika usajili apewe notisi ya siku 90. Akinyamaza, gari livutwe na kunadiwa, gharama ikatwe humo. Kikibaki kitu, arudishiwe. Pakipungua, adaiwe yeye, na akiwa mtumishi wa umma, kama walivyo baadhi ya wenzetu walioacha magari yao walikohama, mwajiri wake anajulikana na kituo chake kinajulikana. Na yule atakayejitetea kwamba aliuza gari zamani ila hakubadilisha jina, alipe kwanza, kisha akamtafute mnunuzi wake.