Viambishi vya Nafasi za Majina: Mzigo Usio na Faida Wavutini

Uamuzi wa W3C, shirika linalotunga viwango vya wavuti, wa kubakisha viambishi vya nafasi za majina katika RDFa 1.1 iliyoidhinishwa mwaka 2012 ulikuwa kosa, na madhara yake yanaendelea kuwaangukia waandishi wa kurasa. RDFa ni utaratibu wa kupachika ndani ya HTML data zenye muundo, yaani taarifa zilizopangwa ili programu izielewe bila kubahatisha. Nafasi ya majina ni anwani ya wavuti inayotangulia jina ili jina linalotaja kichwa cha kitabu katika msamiati mmoja lisichanganywe na jina hilohilo linalotaja cheo cha mtu katika msamiati mwingine. Na kwa kuwa anwani hiyo ni ndefu, mwandishi huitangaza mara moja na kuipa kifupisho, ambacho ndicho kiambishi.

Watetezi husema kwamba bila mpango huo maktaba au maabara isingeweza kutunga msamiati wake pasipo kuhofia mgongano. Hofu hiyo ina msingi, ila kinachoiondoa ni anwani kamili, nayo RDFa inaruhusu iandikwe moja kwa moja. Kiambishi hakiongezi upekee wowote.

Kasoro isiyoponyeka ni kwamba maana ya kiambishi hukaa mbali na mahali kinapotumika. Kurasa hujengwa kwa kunakili na kubandika, na vipande vyake hutoka kwenye violezo na mifumo tofauti. Anayenakili aya yenye kiambishi huacha tangazo lake juu ya ukurasa wa awali, na data hupoteza maana huku msomaji wa kawaida akiona kila kitu kiko sawa. Watengenezaji wa programu walilijua hilo, ndiyo maana wengi wanaosoma data za Open Graph, zilizoanzishwa na Facebook mwaka 2010, hutafuta herufi "og:" zilivyo bila kujali kama kuna tangazo lolote. RDFa 1.1 yenyewe ilisalimu amri kwa kuweka orodha ya viambishi vinavyokubaliwa bila kutangazwa. Katika orodha hiyo "dc" huelekeza kwenye http://purl.org/dc/terms/, ilhali kurasa za zamani zilikitumia kiambishi hichohicho kwa http://purl.org/dc/elements/1.1/, hivyo tangazo likipotea, programu haikosi jibu, bali hupata jibu lisilokusudiwa. Kifaa kilichobuniwa kuzuia utata kinauzalisha, na bado mwandishi ndiye anayeambiwa kwamba hakusoma maelekezo! Kiwango kinachodai uangalifu ambao hata waliokitunga waliona haupatikani hakistahili kutetewa.

Schema.org, iliyozinduliwa Juni 2011 na Google, Bing na Yahoo, ilionyesha njia nyepesi zaidi: anwani ya msamiati hutajwa mara moja pale kitu kinapoelezwa, kisha sifa zake hufuata kwa majina mafupi yasiyo na kiambishi. Anayenakili maelezo ya kitu hicho huondoka pia na anwani yake.

RDFa Lite, toleo jepesi lililokusudiwa waandishi wa kawaida, ina sifa tano tu: vocab, typeof, property, resource na prefix. W3C iiondoe hiyo ya tano, na anayehitaji msamiati wa pili aandike anwani yake kamili.