Mlango wa Maji Usizibwe

Katika nchi yetu ya Babati maji hutujia kwa namna mbili: mara huwa haba, mara huwa mengi kupita kiasi. Tangu Juni hata Oktoba vijito vingi hukauka, na mama zetu huondoka alfajiri na ndoo kichwani. Kisha mvua hurudi, na ardhi ile ile iliyopasuka kwa kiu hulowa hata haiwezi kunywa tena. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika, maji yakaingia mjini. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliteremsha matope na mawe kutoka mlima Hanang hata mji wa Katesh, katika mkoa wetu huu wa Manyara, wakafa watu zaidi ya 80. Basi mtu mwenye akili hutafuta njia ya kuyaweka maji ya mvua ili yamfae wakati wa kiangazi. Njia mojawapo ni lambo.

Lambo ni nini? Ni tuta la udongo ulioshindiliwa, lililokatiza bonde ili maji yasimame nyuma yake. Watu huliona tuta, huusifu ukubwa wake, na hudhani ya kuwa hilo ndilo lambo lote. Walakini pembeni mwa tuta pana mahali pengine palipo chini kidogo kuliko kilele chake, palipochimbwa na kuimarishwa kwa mawe au saruji. Hapo maji yaliyozidi hupita yakaenda zake bondeni bila kulidhuru tuta. Mafundi hupaita utoro wa maji, maana ndipo maji yanapotorokea. Wakati wa kiangazi mahali hapo huwa pakavu, na mbuzi hulala humo. Mpita njia hawezi kudhani kwamba pana kazi yo yote. Nami nawaambia kwamba uhai wa lambo upo hapo, na pamoja nao uhai wa watu wakaao chini yake.

Mwaka mmoja nilikwenda na wanafunzi wangu kutazama lambo la kijiji kimoja. Tulikuta utoro umezibwa kwa magunia ya mchanga, yamepangwa vizuri kama matofali, hata kufika kifuani mwa mtoto. Mzee mmoja alikuwa akinywesha ng'ombe wake. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu." Nikamwuliza, "Mzee wangu, magunia haya ni ya nini?" Akajibu, "Mwalimu, tumeyaweka sisi wenyewe. Kila mwaka maji hupita hapa yakaenda bure, na ifikapo Septemba lambo huwa tope tupu. Je, mwenye njaa humwaga unga?"

Wanafunzi wakanitazama waone nitajibu nini. Sikulicheka neno la mzee, kwa kuwa lilitoka katika shida ya kweli. Mwenye kuchota maji kwa mwendo wa saa mbili ana haki ya kuyahuzunikia maji yapitayo mbele ya macho yake. Hata hivyo, neno lile lilikuwa kweli nusu, na kweli nusu huweza kumwangamiza mtu kama uwongo.

Shikeni kalamu tufanye hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000, yaani tani 1. Lambo dogo lenye urefu wa mita 100, upana wa mita 50, na kina cha mita 2 kwa wastani, lina maji tani 10,000. Kama maji hayo yangechukuliwa kwa lori la tani 10, lingekwenda safari 1,000. Tena, msukumo wa maji hukua kwa kadiri ya kina. Penye kina cha mita 1, maji hukandamiza kila mita ya mraba kwa uzito wa tani 1. Penye kina cha mita 4, kwa uzito wa tani 4. Anayepandisha kimo cha maji apandisha pia nguvu inayolisukuma tuta, na tuta lenyewe hakuliongeza hata karai moja ya udongo.

Walakini hatari iliyo kubwa zaidi haijatajwa bado. Utoro ukizibwa, maji yatatoka wapi mvua kubwa inyeshapo usiku? Yatapita juu ya tuta. Nalo tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Kwanza maji hukata mfereji mdogo usiozidi upana wa kidole. Mfereji huwa handaki. Na baada ya muda mchache tuta halipo tena. Hapo maji yote huteremka kwa mara moja juu ya mashamba, nyumba na watu waliolala.

Msidhani kwamba haya ni maneno ya kuwatisha watoto. Huko Pennsylvania, katika nchi ya Marekani, palikuwa na bwawa lenye tuta la udongo, kwa jina South Fork, nalo lilikuwa juu ya mji wa Johnstown. Likawa mali ya chama cha matajiri waliopenda kuvua samaki. Mabomba ya chini, ambayo kwayo maji yangaliweza kupunguzwa, yalikuwa yamekwisha kung'olewa zamani, wala hayakurudishwa. Kilele cha tuta kilipunguzwa ili magari ya farasi yapite. Tena waliweka vyuma vya wavu katika utoro, samaki wao wasitoroke. Na takataka zikanasa katika vyuma hivyo. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, maji yakapita juu ya tuta, tuta likavunjika, wakafa watu zaidi ya 2,200. Siku ile habari za hatari zilipelekwa kwa telegrafu, lakini wengi hawakuzijali, kwa kuwa walikuwa wamesikia mara nyingi kwamba bwawa litavunjika, nalo halikuvunjika.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya mbali na ya zamani. Jirani zetu wa Kenya waliyaona usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai karibu na Nakuru. Mvua ilikuwa imenyesha kwa majuma mengi. Bwawa la shamba moja kubwa likavunjika, maji yakateremka juu ya vijiji vilivyokuwa chini yake, wakafa watu wasiopungua 47, na watoto wengi miongoni mwao. Baadaye wakuu wa maji walisema kwamba bwawa lile halikuwa na kibali.

Basi nilimweleza mzee mambo haya, naye akaniuliza swali lililo la haki: "Tukiyaondoa magunia, kiangazi tutakunywa nini?" Nikamjibu kwamba maji ya kiangazi hayatafutwi kwa kuziba utoro, ila kwa kuchimba tope. Kila mwaka mvua huingiza udongo ndani ya lambo, na kila karai la tope huchukua mahali pa karai la maji. Lambo likikauka, kijiji kizima kitoke na majembe kuliondoa tope hilo. Nyasi zipandwe kandokando na juu ya bonde, zishike udongo usiingie. Ng'ombe wasiingie majini, bali wajengewe birika upande wa nje. Na kama watu wataka lambo kubwa zaidi, waitwe mafundi walipime, wapandishe tuta na utoro pamoja. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Magunia ni rahisi, jembe ni kazi." Kisha akaweka fimbo yake chini, akashika gunia la kwanza, na wavulana wawili wakamsaidia.

Nanyi wanafunzi, msiseme kwamba lambo ni kazi ya wakubwa tu. Ninyi ndio mnaopita hapo kila siku. Kwanza, tazameni utoro: je, u wazi, au umejaa matawi na takataka? Pili, tazameni tuta: nyasi fupi hulifaa, lakini miti hulidhuru, maana mizizi yake ikioza huacha matundu, na matundu ya panya na ya fuko huweza kuwa njia za maji. Tatu, tazameni upande wa chini wa tuta. Maji kidogo yatokayo safi yafaa kuangaliwa kila siku. Lakini yakitoka yenye tope, jueni kwamba maji yanalila tuta kutoka ndani. Hapo msikae kutazama. Wapasheni habari watu wa bondeni, kisha mwenyekiti wa kijiji na watu wa maji. Wala msikimbie kufuata bonde, bali pandeni mahali palipoinuka.

Tena semeni kweli tupu. Anayepiga kelele ya uwongo leo, kesho hatasadikiwa, kama ilivyokuwa huko Johnstown.

Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Ni neno zuri, nalo latufundisha kuutengeneza mara moja ufa wa tuta. Walakini mwenye hekima hutambua kipi ni ufa na kipi ni mlango. Ufa uzibwe upesi. Mlango wa maji uachwe wazi, hata katika mwaka wa kiu. Maana maji yakipotea, mvua itayarudisha mwaka ujao, lakini mtu akichukuliwa na maji hakuna mvua itakayomrudisha.