Uganda: ARV pekee hazitoshi, sonona nayo itibiwe

WALIOREJEA vijijini kaskazini mwa Uganda baada ya vita vya waasi wa LRA walikuta mashamba yamegeuka pori. Wengine walirudi na virusi vya ukimwi, na juu yake sonona, ile huzuni nzito inayomfanya mtu aone maisha hayana maana. Mgonjwa wa namna hiyo huacha ARV, na virusi hupata nguvu upya.

Butabika, hospitali kuu ya akili, iko Kampala, mamia ya kilomita kutoka Kitgum. Ni wangapi wenye nauli?

Dk. Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Chuo Kikuu cha Makerere aliamua tiba imfuate mgonjwa. Katika vituo 30 vya afya vya Gulu, Kitgum na Pader, wahudumu wa kawaida wa jamii walifunzwa kuongoza vikundi vya wenye virusi waliokuwa na sonona isiyo kali sana. Walikutana kila wiki kwa wiki 8, wakatoa ya moyoni na kujifunza njia za kujipatia kipato.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Miezi 6 baadaye, sonona ilibaki kwa chini ya asilimia 1 yao. Kwa waliopewa elimu ya ukimwi tu, ilikuwa asilimia 28.

Kwa wanaovuka mipaka, funzo ni wazi. Kituoni mtaulizwa kadi ya dawa. Hata msipoulizwa kuhusu usingizi na mawazo, semeni. Aliyechoka kuishi hakumbuki kidonge.