Babu atashuka lini?

Mwezi uliopita tulimzika baba yangu kijijini kwetu Mamba, juu milimani. Tangu turudi Same mjini, binti wa dada yangu, mwenye miaka minne, ana swali moja tu: "Babu atashuka lini?" Alizoea kumwona akiteremka na basi, kiroba kimejaa ndizi na tangawizi. Asubuhi anauliza, jioni anauliza. Juzi dada alimkaripia, kisha akaingia jikoni kulia.

Wakati huo kaka wa mtoto, aliye kidato cha tatu, alikuwa anahangaika na kazi ya Kiswahili: kuchambua "Amina", shairi ambalo Shaaban Robert alimwombolezea mkewe. "Mama mdogo, nisaidie mizani." Tukahesabu silabi kwa vidole: nane, unapumua, nane tena. Katika mistari mitatu ya kwanza, kina cha kati hubadilika kila ubeti, lakini cha mwisho kinabaki "a" hadi tamati. Mstari wa nne, kibwagizo, unarudi mzima mzima, haupunguzwi hata neno.

Shuleni ataandika kwamba kibwagizo kinasisitiza ujumbe. Sawa, alama atapata. Mimi niliona mfiwa anayesema jambo jipya kwa mistari mitatu, halafu anarudi palepale panapouma, kwa kuwa hajamaliza.

Nikamkumbuka yule mdogo. Mtoto wa umri wake bado haelewi kwamba aliyekufa harudi. Harudii swali kwa ubishi. Anataka kujua kama jibu limebadilika. Basi mzazi, mjibu kwa maneno mafupi na yaleyale kila mara: babu amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, na sisi pia tunamkumbuka. Usimwambie amelala, maana anaweza kuogopa kulala. Wala amesafiri, maana atamsubiri kwenye kila basi linaloingia stendi. Kulia mbele yake si kosa. Ila akikataa chakula au akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, mpeleke kituo cha afya.

Dada alipotoka jikoni, swali likaja tena. Safari hii alimpakata, akamjibu taratibu.

Kijana alikuwa bado amekunjua vidole. Akahesabu kimya kimya, ba-bu-a-ta-shu-ka-li-ni, kisha akaniangalia.

"Mama mdogo, hilo swali nalo lina mizani nane."