Kijana Aliyekimbia Shule

Wasomaji, wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini wengi wetu huyafahamu kwa fimbo tu. Mtoto akichoka na shule hupigwa, hutukanwa, kisha huachwa aende zake.

Katika Homa Bay huenda ziwani kuvua omena usiku kwa taa. Katika Migori hushuka katika mashimo ya dhahabu ya Nyatike. Huko hupata fedha kidogo mapema, naye hudhani kwamba mwalimu hakuwa na faida kwake. Je, tumwiteje arudi?

Shida hii si ngeni. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza, wamalizao shule ya msingi waende wapi? Baadaye vikaanzishwa vyuo vya ufundi vya vijijini, na Katiba ya mwaka 2010 ikaviweka chini ya serikali za kaunti. Basi mlango uko. Lililobaki ni kupanga masomo yatakayomvuta kijana aingie.

Kwa maoni yangu, haifai kumrudishia kitabu kile kile alichokikimbia. Afadhali somo lianzie katika kazi anayoijua. Mchimbaji akiuza dhahabu hupimiwa kwa gramu na sehemu za gramu. Asiyejua desimali hupunjwa kwa urahisi. Hiyo ndiyo hesabu yake. Tena huichanganya dhahabu na zebaki, kisha huichoma motoni, asijue ya kuwa mvuke ule ni sumu iharibuyo mishipa ya fahamu. Hiyo ndiyo sayansi yake. Mvuvi naye afundishwe kuunda mashua, kutengeneza injini, na kuweka daftari la mafuta na mauzo. Na binti aanikaye omena ufukweni asisahauliwe. Masomo hayo ni haki yake pia.

Wako watakaosema kwamba hayo ni masomo ya walioshindwa. Yatakuwa hivyo tukiyafanya kuwa shimo jingine lisilo na ngazi. Sharti kijana aliyeamka moyo aweze kurudi na kufanya mtihani kama wenzake.

Basi, wazazi na walimu, kabla ya kupanga somo lolote, nendeni ufukweni na machimboni mkamwulize kijana: ni jambo gani katika kazi yako linalokushinda? Jibu lake na liwe somo la kwanza.